Mtu wa Nyuma

Mimi ni fundi cherehani, kusimulia si kazi yangu. Haya yalimpata mdogo wangu wa kike, na kipande chake kikaniangukia mimi. Nitayasema kama yalivyokuja, bila kuongeza pindo.

Jumanne ile ilianza kwa upole. Nilikuwa dukani nashona mapazia ya shule, mapazia ishirini na mawili ya rangi moja, kazi ambayo mikono huifanya yenyewe huku kichwa kikizurura. Jua lilikuwa limeingia mpaka miguuni. Jirani yangu muuza viatu alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi. Mteja alijaribu kiatu, akakivua, akaenda zake bila kumwamsha. Saa saba kasoro, mdogo wangu akaingia. Hakusalimu. Tulikuwa hatujasalimiana vizuri tangu mwezi wa pili.

Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa darasa la sita. Nilimlea mimi. Nilimsuka, nikamfulia, nikakaa naye usiku akiota mambo mabaya. Nilitaka awe mfamasia. Nilimjazia fomu kwa mkono wangu, akazichukua kwa adabu, kumbe njiani alijaza nyingine. Nilikuja kujua kwamba anasoma utengenezaji wa filamu siku aliporudi nyumbani na stendi ya kamera begani. Tangu hapo nyumba yetu ikawa zizi la mafahali wawili, ingawa sote ni wanawake.

Wakati huo chuoni kwao alikuwa amekuja mwongozaji mmoja mzee wa filamu za kutisha, kuwafundisha kwa wiki moja. Wanafunzi walimwita Bwana Mchana, kwa sababu katika filamu zake zote hakuna usiku. Watu wake huogopa saa saba, jua likiwa utosini na nguo zikiwa kwenye kamba. Na katika kila filamu, nyuma kabisa ya picha, kuna mtu amesimama mbali, amewapa watazamaji mgongo. Hatajwi. Wahusika hawamwoni. Filamu inaisha na hujaambiwa ni nani. Mdogo wangu alizitazama filamu hizo mpaka akawa anajua mtu wa nyuma yuko dirisha gani kabla picha haijafunguka.

Bwana Mchana hakuwa mtu mwema. Aliwaambia wanafunzi kwamba wana macho lakini wameyaazima kwa vipofu. Alimliza binti mmoja mbele ya wenzake. Lakini alipoulizwa kuhusu mtu wa nyuma, alisema, "Ni ufundi wangu. Weka mtu nyuma, usimweleze kwa yeyote. Hofu haihitaji giza. Inahitaji nafasi."

Mdogo wangu aliyaandika maneno hayo kiganjani kwa kalamu.

"Napiga filamu yangu ya mwisho wa mwaka keshokutwa," aliniambia pale dukani, akiwa bado amesimama. "Nahitaji mtu wa nyuma. Nakutaka wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ukinuna, mgongo wako unaongea."

Nikaendelea kukanyaga cherehani.

"Na uvae lile gauni la kijani la mama," akasema.

Mguu wangu ukasimama. Gauni hilo mama alilivaa siku aliyoingia hospitali. Hakutoka. Nililichukua nikalikunja, nikaliweka kwenye sanduku chini ya kitanda changu, na ufunguo ninao shingoni. Sijawahi kulifua. Mdogo wangu alikuwa anayajua yote hayo.

"Sawa," nikasema. "Nitakuja."

Mdomo uliitika. Moyo ulikuwa umeshambamizia mlango. Niliamua kwamba nisiende wala nisimwambie, asimame na kamera yake pale mbele ya wenzake akiningoja, filamu iharibike, akili imkae.

Alhamisi ikafika. Walikuwa wapige kwenye jengo la zamani la mabweni ya chuo, lililofungwa miaka mingi. Saa sita na nusu nikazima simu. Mwalimu aliyeagiza mapazia akaja kuyachukua, akadai mawili ni mafupi, tukabishana, tukayapima yote upya mpaka saa tisa. Sikutoka dukani hata kwenda msalani.

Jioni mdogo wangu akarudi. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake akaja jikoni, akaniwekea mkono begani.

"Asante, dada," akasema.

Nikamtazama.

"Najua ulikuja kwa shingo upande. Hukumsalimu mtu, hukugeuka hata mara moja. Lakini umefanya kazi kutushinda sote. Nikisema sogea, unasogea. Kinyumenyume, na wala huangalii unakokanyaga. Umejifunzia wapi?"

Nilitaka kusema. Lakini mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, na ni muda mrefu ulikuwa haujakaa hapo. Nikapakua chakula. Tukala pamoja, akacheka mara mbili, na kila alipocheka mimi nilijiuliza alikuwa amemwambia nani asogee.

Amani yenyewe haikufika adhuhuri. Ijumaa asubuhi nilimkuta anakata maboksi kwa mkasi wangu wa kitambaa. Fundi yeyote atanielewa, boksi huua makali. Maneno yakatoka, yakajibiwa, yakapanda juu. Akasema mimi si mama yake. Nikatafuta kitu cha kumchoma nacho, nikakipata.

"Na jana sikuja," nikasema. "Nilikuwa dukani kutwa nzima. Kamuulize mwalimu wa mapazia."

Akacheka. Nikavua ufunguo shingoni, nikalivuta sanduku, nikafungua. Gauni la kijani lilikuwa limekunjwa vile vile, na vidonge vya nondo juu yake. Mdogo wangu aliinama akaligusa. Akanusa vidole vyake.

Hakucheka tena.

Tulikaa kitandani na kompyuta yake mapajani, akafungua walichokipiga. Korido ndefu. Milango kumi na miwili kila upande. Mwisho wa korido, dirisha lenye vyuma. Karibu na kamera kuna meza, na mwigizaji wao, binti wa darasani kwao, anakunja shuka. Mwanga ni mweupe. Na kule mbali, mbele ya dirisha, amesimama mwanamke wa gauni la kijani, mgongo kwetu, nywele zimefungwa kama nifungavyo mimi.

Sauti ya mdogo wangu ikasikika nyuma ya kamera. "Dada, sogea kidogo. Usigeuke."

Yule mwanamke akarudisha kisigino nyuma. Kisha kingine. Mtu anayetembea kinyumenyume huitafuta ardhi kwanza, hupapasa, huinamisha shingo. Huyu hakupapasa. Alitembea kama sisi tutembeavyo kwenda mbele. Alipofika mlango wa kumi na moja, akasimama.

"Vizuri," ikasema sauti ya mdogo wangu. "Tunarudia."

Picha ya pili, mlango wa kumi. Ya tatu, wa tisa. Kila mara mdogo wangu aliomba kidogo zaidi, na kila mara alipewa. Kwenye picha ya tano nilimwambia asimamishe.

Gauni la mama lina vifungo tisa mgongoni. Cha nne nilikishona mimi, wiki ile mama anaumwa, na uzi wa kijani ulikuwa umeniishia. Nilitumia mweupe. Hakuna anayejua hilo ila mimi. Mdogo wangu akaikuza picha mpaka mgongo ukajaa skrini. Nikahesabu kutoka juu. Uzi wa kifungo cha nne ulikuwa mweupe.

"Endelea," nikasema, na sauti yangu sikuitambua.

Katika picha ya mwisho mwanamke alikuwa amefika mlango wa saba. Wanafunzi walikuwa wamechoka, wanasikika wakinung'unika. Mwigizaji alikuwa analalamika njaa. Mdogo wangu akasema kwa hasira, bila kutazama, "Dada, wewe endelea kusogea tu mpaka nikuambie basi." Visigino vikaanza. Mwigizaji akaitupa shuka, akasimama, akatukana. Kisha picha ikazimika.

"Betri," mdogo wangu akasema.

"Ulimwambia basi?"

Akawa anabonyeza kitufe kile kile.

"Ulimwambia basi, mdogo wangu?"

"Tulikuwa tunagombana," akanong'ona. "Nilipogeuka hukuwepo. Nilidhani umepitia mlango wa nyuma."

"Upo mlango wa nyuma?"

Alifunga kompyuta polepole, kama mtu anayefunika sahani yenye nzi.

Kesho yake, Jumamosi, saa saba na dakika chache, simu yake ililia. Alikuwa mwigizaji. Nilimsikia mpaka nilipokaa.

"Mwambie dada yako aache upuuzi wake. Amesimama uwanjani kwetu, amenipa mgongo. Nimemsalimu, hakuitikia. Hamna adabu nyie."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mdogo wangu, goti kwa goti.

Saa ile ile akapiga mpiga kamera wao, ambaye walimwita Twiga kwa ajili ya shingo yake. Kwake yeye alikuwa chini ya ngazi. Na mrekodi sauti, waliyemwita Masikio, aliandika ujumbe tu: *Dadako yuko nje kwetu. Mbona mama yangu anasema hamwoni mtu?*

Nyumba tatu, saa ile ile, mwanamke mmoja.

Kwetu alifika Jumatatu. Tulikuwa tunatoka getini, jua limetuangukia kichwani, watu wamejaa barabarani. Kule mwisho wa mtaa, mbele ya duka la dawa, kijani. Mwanamume mmoja alimkwepa akampita bila kumtazama, kama unavyokwepa nguzo. Hakuna aliyeshangaa. Saa nane ilipogonga, hatukumwona.

Jumanne alikuwa kwenye nguzo ya umeme.

Jumatano alikuwa getini. Kisogo chake kilikuwa sawa na mlango wetu, na nikiapa sitakuwa mwongo, kisogo kile kilikuwa kinatutazama.

Tulifunga madirisha tukakaa chini sakafuni, chumba cha katikati. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira. Mpira uligonga geti, ukarudi. Nikamwuliza mdogo wangu kwa sauti ya chini jambo ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu Ijumaa.

"Ni mama?"

Alitikisa kichwa. "Mama alikuwa akiitwa anageuka. Nimemwita."

"Lini?"

"Jana. Nilimwita mara tatu."

Nikamshika mkono. Hapo hatukuwa tumepatana. Hofu ndiyo ilikuwa imetufunga kamba moja.

Alhamisi asubuhi tukaenda kwa Bwana Mchana. Karani wa chuo alimpa mdogo wangu anwani bila kuuliza. Ilikuwa nyumba ya kawaida, rangi imebabuka, geti la chuma. Alitufungulia mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na macho yake hayakutulia juu yetu. Yalipita mabegani, yakaenda barabarani, yakarudi.

"Sitoi ushauri nyumbani," akasema. "Wiki yangu chuoni imekwisha."

"Ni kuhusu mtu wa nyuma," mdogo wangu akasema.

Akatuvuta ndani kwa nguvu mpaka nikajigonga kiwiko.

Sebuleni kwake kila kiti kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani. Meza pia, na kitanda nilichokiona kwa mlango ulio wazi. Katikati hapakuwa na kitu. Akakaa, akauegemeza mgongo ukutani mpaka mabega yakagusa. Mdogo wangu akamweleza yote. Akamwonyesha picha kwenye simu. Mzee aliitazama picha moja tu.

"Wewe ni mjinga," akasema.

"Ulitufundisha wewe. Ulisema weka mtu nyuma."

"Nilisema."

"Ulisema ni ufundi wako."

Mzee alifumba macho. "Katika filamu yangu ya kwanza kulikuwa na watu wanne. Nilipoitazama, nikamkuta wa tano. Nilitaka kumkata. Kabla sijamkata, mtu mmoja akaitazama, akasema huyu wa nyuma ndiye filamu yenyewe. Kila mtu akasema hivyo. Nikasifiwa. Wewe ungefanyaje?"

Akafumbua macho.

"Sijawahi kumweka mtu yeyote nyuma," akasema. "Miaka thelathini. Kila ninachopiga anakuja. Nimehama miji. Nimepiga jangwani, anakuja. Nilinyamaza, nikachukua sifa. Lakini sikumpa neno. Hata neno moja. Kwa hiyo alibaki kule kule nyuma." Akamnyooshea mdogo wangu kidole kwa chuki. "Wewe umemwelekeza. Umempa kazi. Umemfundisha kusogea."

"Tufanye nini?" nikauliza.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyetakiwa kusimama pale."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Akacheka kidogo, kicheko kikavu kama mbegu kwenye kibuyu. "Na hukwenda. Basi ndiyo maana nafasi ilikuwa wazi."

Sijawahi kuambiwa neno lililoniingia vile.

"Aliyefungua kamera ndiye anayeifunga," akasema huku akiinuka. "Mahali pale pale, saa ile ile, watu wale wale. Mwambie basi. Mrudishe ulikomtoa. Kisha kata. Ukiacha katikati, usinitafute."

"Njoo nasi," mdogo wangu akamwambia. "Wewe ni mwalimu."

"Mimi ni mwizi," akajibu. "Tokeni. Mmemleta getini kwangu."

Hatukuona mtu getini. Hata hivyo tuliondoka mbio.

Siku ile saa saba tulikuwa dukani, tukidhani tumemkwepa. Pazia moja nilikuwa nimelitundika mlangoni, kati ya yale mawili ambayo mwalimu alidai ni mafupi. Chini yake niliona visigino viwili. Vimeelekea ndani.

Ijumaa tulikwenda mabweni. Mwigizaji alikuja, uso umevimba kwa kukosa usingizi. "Siji kwa ajili yako," alimwambia mdogo wangu. "Jana alikuwa mlangoni pa chumba changu. Ukishindwa leo, mimi na wewe tutaonana vibaya." Twiga alifunga kamera kwenye stendi na kuilegeza na kuifunga tena. Masikio alivaa vifaa vyake vya kusikilizia, akatazama chini. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la mama, kama nilivyotakiwa tangu mwanzo. Nililivaa nyumbani, mdogo wangu akanifunga vifungo, na alipofika cha nne mkono wake ukasita.

Korido ilikuwa na joto. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga. Mwigizaji akakaa mezani, akashika shuka. Mdogo wangu akasimama ubavuni mwa kamera, mimi nikajibanza ukutani kando yake.

Saa saba.

"Anza," mdogo wangu akasema.

Tulitazama dirisha la mwisho. Hapakuwa na mtu. Tukangoja. Mwigizaji alikunja shuka, akaikunjua.

Kisha Masikio akainua kichwa. Alikuwa amepauka kama chokaa. Aliinua mkono taratibu akaonyesha. Hakuonyesha dirisha. Alionyesha nafasi kati ya meza na kamera.

Alikuwa pale.

Mgongo wake ulikuwa hatua mbili kutoka kwa mdogo wangu. Niliona uzi mweupe. Niliona nywele za shingoni. Hakuwa na harufu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu gauni langu lilikuwa linanuka vidonge vya nondo na ugonjwa, na lake halikunuka.

Kisigino kikarudi nyuma.

"Sema," nikamnong'oneza mdogo wangu.

Midomo yake ilitembea. Sauti haikutoka.

Kisigino cha pili. Kisogo kikafika karibu na uso wake. Pumzi ya mdogo wangu ilikuwa inatikisa nywele zile.

"Sema, mdogo wangu."

"Basi," akasema.

Visigino vikasimama.

Mwigizaji alikuwa analia bila sauti, shuka mdomoni. Mdogo wangu akasema kama mtu anayeongea na mbwa asiyemjua, "Asante. Sasa rudi ulikotoka. Nenda mbele. Nenda mpaka dirishani."

Mwanamke akaenda. Alimpita mwigizaji, gauni likagusa kona ya meza. Kwenda mbele ndiko kulikomshinda. Aliburuta miguu, akaipishanisha, akayumba kama mtoto anayejifunza. Mlango wa tatu. Wa saba. Wa kumi. Akafika dirishani, akasimama.

"Kata," mdogo wangu akasema.

Hakuondoka.

"Kata," akasema tena. "Tumemaliza. Kata."

Kijani kilibaki pale dirishani. Twiga akaanza kunong'ona sala. Na mimi nikaelewa. Hakuna aliyeniambia. Mtu akishika nafasi ya mwingine kazini, haondoki kwa sababu kazi imekwisha. Huondoka mwenye nafasi akija.

Nikajitenga na ukuta.

"Dada, usiende," mdogo wangu akasema.

"Nilichelewa wiki nzima," nikamjibu.

Nikatembea. Milango ilikuwa wazi, vyumba vitupu, vitanda vya chuma bila magodoro. Nilihesabu ili nisifikiri. Nilipofika wa kumi na moja nikashika ukuta. Mgongo wake ulikuwa mgongo wangu. Ule ule. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kama langu, kwa sababu ya cherehani. Nikafumba macho, nikapiga hatua tatu, nikasimama ubavuni kwake, uso dirishani.

Nilivuta pumzi. Akavuta.

Nikaitoa. Akaitoa.

Nikaizuia. Akangoja.

Sikuangalia pembeni. Watu wameniuliza, na nawaambia ukweli, sikuangalia. Nilisikia kitambaa kikisugua kitambaa, mkono wake na mkono wangu. Nilisikia mdogo wangu, mbali sana, sauti yake ikiwa ndogo kama ya darasa la sita.

"Kata."

Nilipofumbua macho, kulikuwa na dirisha, vyuma vyake, na uwanja mtupu nje. Nilikuwa nimesimama peke yangu. Mdogo wangu alikuja mbio koridoni, akanikumbatia kwa nyuma, na mimi nikapiga yowe moja tu kabla sijaijua mikono yake.

Tuliifuta filamu yote siku ile, pale pale chuoni, Twiga akishuhudia. Saa saba ya Jumamosi ilipita. Ya Jumapili ikapita. Mwigizaji alihamia chuo kingine na hajawahi kumsamehe mdogo wangu. Akimwona njiani huvuka barabara. Bwana Mchana, nasikia, ameacha kupokea wageni. Mdogo wangu aliurudia mwaka. Alitengeneza filamu ya dakika saba, yote imepigwa kwa karibu, sura za watu zimejaa skrini mpaka hakuna nyuma. Walimu waliisifu. Walimwuliza mtindo huo ameutoa kwa nani, akasema hajautoa kwa mtu. Tunagombana bado. Lakini siku hizi akinihitaji mahali, huja kunichukua mwenyewe mpaka mlangoni, na mimi nikisema nakuja, nakuja.

Wiki iliyopita Masikio alipita dukani. Anafanya kazi redioni sasa. Alisubiri mteja aondoke, akatoa simu, akaniambia kwamba siku ile tulifuta picha, lakini sauti ilikuwa kwenye kifaa chake, na yeye aliisahau humo. Alikuwa ameisikiliza. Alinivalisha vifaa vyake masikioni.

Nilisikia mdogo wangu akisema kata, ile ya mwisho. Nikasikia mbio zake, yowe langu, watu wakilia, mlango ukifungwa, sisi tukiondoka. Kisha kimya cha jengo tupu, kwa kuwa Masikio alisahau maiki na kifaa pale mezani vikiendelea kurekodi, akarudi kuvichukua jioni. Kimya kirefu. Halafu, karibu sana na maiki, sauti ya mwanamke, ya chini, ya heshima, kama mfanyakazi anayetaka kumridhisha bosi wake.

"Nirudie?"

"Baada ya hapo hasemi tena," Masikio akaniambia. "Lakini hajaondoka. Unasikia pumzi mpaka mwisho."

Nimemkataza asimpelekee mdogo wangu. Namjua tangu mtoto. Akiulizwa swali la kazi, hawezi kuacha kulijibu.